Chai Isubiri Kidogo

Ukipanda kutoka Sondu kuelekea Kericho, au ukikata njia ya Litein hadi Bomet mjini, ni vigumu kukuta nyumba ambayo thamosi yake ni tupu. Kuna chai ya maziwa asubuhi na ugali uliolala, chai ya saa nne, chai ya mgeni kabla sufuria ya ugali haijabandikwa, na chai ya kushushia managu usiku. Mwongozo huu haukuombi uache hata kikombe kimoja. Kumwambia mtu wa Kericho aache chai ni kumtafutia ugomvi bure, na isitoshe majani hayo ndiyo yanayolipa karo. Unakuomba ubadilishe saa.

Kinamama wengi huambiwa kliniki kwamba damu imepungua. Wanarudi nyumbani, wanakula managu na maharagwe kama walivyoshauriwa, na mwezi unaofuata kipimo hakijasogea. Muuguzi anadhani mama hakula, mama anadhani mboga ni porojo. Kumbe mboga ililiwa na ikafika tumboni, ila chuma chake hakikuvuka kuingia kwenye damu. Ukielewa kinachotokea pale katikati, utajua cha kubadilisha bila kuongeza hata shilingi kwenye bajeti ya jikoni.

Mlango wa chuma

Naanza na chuma kwa sababu ndicho kinachosumbua nyumba nyingi, na ndicho kinachoguswa zaidi na chai. Mtu mzima ana gramu 3 hadi 4 tu za chuma mwili mzima. Karibu theluthi mbili imo ndani ya chembe nyekundu za damu, ikibeba oksijeni. Chembe hizo huishi takriban siku 120, na zikizeeka mwili huzivunja, huokoa chuma chake na kukitumia tena: miligramu 20 hadi 25 huzungushwa hivyo kila siku. Kinachopotea kwa siku ni kama miligramu 1, kupitia ngozi na utumbo unaobanduka. Mwanamke anayepata hedhi hupoteza zaidi, na mjamzito huhitaji karibu gramu moja nzima ya ziada katika mimba yote.

Jambo ambalo halisemwi sana ni kwamba mwili hauna njia ya kutoa chuma kilichozidi. Sodiamu na potasiamu zikizidi, figo huzitoa kwa mkojo. Manganizi, ambayo mchai wenyewe huivuta kwa wingi kutoka udongoni, hutolewa na ini kupitia nyongo. Zinki hurudishwa utumboni. Lakini chuma kikishaingia kimeingia, na kikirundikana huharibu ini na moyo. Kwa hiyo ulinzi wote umewekwa mlangoni, katika sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, pale chakula kinapotoka tumboni.

Anayetoa amri ni ini, kwa homoni iitwayo hepsidini, ambayo watafiti waliitambua kati ya mwaka 2000 na 2001. Ukitaka kuielewa, kumbuka kituo cha kununulia majani msimu wa mvua nyingi. Kiwanda kikifurika, simu inapigwa: leo msipime tena. Karani anafunga mizani hata kama umeleta majani mawili na kichipukizi safi kabisa, na majani yako yanaharibikia kwenye gunia. Kiwanda kikikosa majani, amri inageuka na kila gunia linapokelewa. Ini ndicho kiwanda, hepsidini ndiyo ile simu, na seli za ukuta wa utumbo ndicho kituo. Chuma kilichokwama ndani ya seli hizo hakirudi shambani wala hakifiki kiwandani: seli zenyewe huishi siku chache, hubanduka, na kutoka na choo.

Hapo ndipo unapoona kwa nini karamu ya bonasi haitibu upungufu wa damu. Bonasi ya majani ikiingia karibu na mwezi wa kumi, nyumba nyingi hula nyama wiki nzima, kisha hurudi kwenye sukuma wiki hadi Krismasi. Utumbo hupokea kiasi chake kwa kila mlo, kisha hufunga. Nyama ile ile ikikatwa vipande vidogo na kutiwa kwenye maharagwe au mboga mara mbili tatu kwa wiki, ingefanya kazi kubwa zaidi, kwa sababu nyama ina faida mbili. Chuma chake hupokelewa kwa asilimia 15 hadi 35, ilhali cha mimea ni asilimia 2 hadi 20 kutegemea kilicholiwa pamoja nacho. Halafu nyama yenyewe huvuta chuma cha mboga iliyo nayo kwenye sahani moja. Maini hata kidogo yanafaa, na bei yake si ya kutisha. Wazee wa Kipsigis walikuwa na njia yao: damu ya ng'ombe ikichanganywa na maziwa, chuma cha aina ile ile ya nyama. Sikushauri urudi huko, maana damu mbichi hubeba magonjwa, lakini hawakuwa wanakosea kuhusu nguvu yake.

Simu ya hepsidini hupigwa pia mtu akiwa mgonjwa. Vijidudu vingi huhitaji chuma ili vizaane, kwa hiyo mwili ukihisi maambukizi huficha chuma na kufunga mlango. Malaria hufanya hivyo, na juu yake huvunja chembe za damu moja kwa moja. Mashamba makubwa ya chai ya Kericho yalipatwa na milipuko ya malaria katika miaka ya 1990 licha ya baridi yake, kwa hiyo usijidanganye kwamba mbu hawapandi mlima. Mtoto mwenye homa atibiwe homa kwanza. Kumlundikia mboga za chuma wakati mwili umefunga mlango ni kazi ya bure. Minyoo ya safura nayo hunyonya damu kutoka ukuta wa utumbo usiku na mchana, na mchuma chai anayeingia shambani au chooni bila viatu ni rahisi kuipata. Dawa ya minyoo ikitolewa shuleni au kituo cha afya, usiikose.

Kikombe na sahani

Majani ya chai yana polifenoli, zile zinazoipa chai rangi na ule ukakasi unaobana ulimi. Zikikutana na chuma cha mimea ndani ya tumbo hukishika kwa nguvu, na kilichoshikwa utumbo hauwezi kukipokea. Majaribio ya mtafiti Hurrell na wenzake yaliyochapishwa mwaka 1999 yalionyesha kwamba kikombe cha chai nyeusi pamoja na mkate kilipunguza upokeaji wa chuma kwa asilimia 79 hadi 94. Walijaribu pia kutia maziwa, na hayakubadilisha chochote cha maana. Kwa hiyo yule anayesema chai ya rangi, ile tunayoiita turungi, ndiyo mbaya na ya maziwa ni salama, hana msingi. Chai ya zambarau iliyotokana na mche wa TRFK 306, kazi ya watafiti wa Kericho wenyewe, ina polifenoli nyingi pia. Ni kinywaji kizuri, ila nayo ikae mbali na sahani.

Dawa ni muda. Jaribio la Uingereza la mwaka 2017 lilionyesha kwamba chai iliyonywewa dakika sitini baada ya mlo iliudhuru upokeaji wa chuma kwa kiasi kidogo sana kuliko iliyonywewa pamoja na mlo. Basi shika hivyo: acha saa nzima ipite kati ya kikombe na mlo wenye chuma, mbele na nyuma.

Siku yako inaweza kubaki karibu ilivyokuwa. Chai ya asubuhi na viazi vitamu au mandazi iache mahali pake; milo hiyo haina chuma kingi cha kupoteza. Chai ya saa nne, inayonywewa peke yake, ndiyo bora kuliko zote, na kama una kiu ya vikombe viwili vinywe hapo. Mchana, maharagwe na githeri vishushiwe maji. Kazi iko jioni, kwa sababu huo ndio mlo wenye mboga, na mazoea ni kumimina chai watu wakiwa bado wananawa mikono. Pika chai mapema, watu wanywe wanaporudi kutoka shambani, kisha mboga ichambuliwe na ugali upikwe bila haraka. Mgeni akija mpe chai yake papo hapo kama mila inavyotaka. Siku moja ya mgeni haibomoi kitu, kinachobomoa ni kila siku.

Na ukiwa umechelewesha kikombe, kipoe kidogo pia. Hospitali ya Tenwek, Bomet, hupokea wagonjwa wengi wa saratani ya umio, njia ya chakula kati ya koo na tumbo. Ugonjwa huo una vyanzo zaidi ya kimoja, lakini mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 katika kundi la vitu ambavyo yamkini husababisha saratani hiyo. Chai ikiunguza ulimi, iache kwenye meza.

Mwanamume mwenye afya anayekula nyama mara kwa mara hana haja ya kuhangaika na haya yote. Ghala lake limejaa, na mlango wake uko nusu wazi kwa hiari. Wanaopaswa kuhesabu dakika ni wajawazito, wasichana waliovunja ungo, kinamama wenye hedhi nzito, na watoto wadogo.

Watoto hasa. Katika nyumba nyingi mtoto wa mwaka mmoja hulishwa ugali uliolainishwa kwa chai ya maziwa, na hilo huonekana kuwa chakula kamili kwa sababu shibe inapatikana. Mahindi yana chuma kidogo, maziwa karibu hayana kabisa, na chai hukishika hicho kidogo kilichopo. Mtoto ananenepa mashavu na damu inashuka. Kabla hajatimiza miaka miwili asipewe chai kabisa. Ugali wake ulainishwe kwa mchuzi wa maharagwe yaliyopondwa, au mboga iliyosagwa na omena iliyotwangwa. Mara nyingi kikombe kimeshikwa na bibi, wala si na mama, na hapo adabu inahitajika. "Kogo, kule kliniki wamesema chai ya mtoto isubiri hadi akue, tumpe uji kwanza" hupita vizuri kuliko hotuba kuhusu polifenoli.

Managu, nanasi na sufuria ya maziwa

Kama chai inafunga, vitamini C inafungua. Hukibadilisha chuma cha mimea kiwe katika hali ambayo seli za utumbo zinaweza kukivuta, na hupunguza nguvu ya vizuizi vingine. Sharti lake ni kwamba iwe kwenye mlo ule ule. Chungwa la asubuhi haliisaidii mboga ya usiku. Moto mrefu pia huiua, kwa hiyo managu iliyochemka nusu saa imebaki na chuma lakini vitamini imepungua. Ongeza kitu kibichi pembeni: kachumbari ya nyanya, ndimu iliyokamuliwa juu ya maharagwe, pera kutoka kwenye ua, au kipande cha nanasi. Mananasi ya Roret yanauzwa barabarani kwa bei ya kawaida msimu ukifika, na kipande kimoja baada ya ugali kinatosha.

Utaniuliza kuhusu managu na saga zinazolazwa na maziwa usiku kucha ili uchungu upungue. Ni kweli kalsiamu ya maziwa hupunguza kidogo upokeaji wa chuma katika mlo huo. Lakini ladha hiyo ndiyo inayowafanya watoto wale sahani nzima badala ya kuichezea, na mimi singeigusa. Pambana na chai kwanza.

Kile kilichofungiwa ndani ya punje

Mahindi, wimbi na maharagwe yana kizuizi chao cha ndani. Mbegu huhifadhi fosforasi yake katika umbo la faiteti, akiba ya mche utakapoota, na faiteti hushika chuma, zinki na kalsiamu. Hapa hekima ya zamani ilitangulia maabara. Mbegu ikilowa au ikianza kuota, au unga ukichachuka, kimeng'enya kiitwacho fitesi huamka na kuivunja faiteti. Loweka maharagwe usiku kucha, mwaga maji hayo, pika kwa maji mapya. Yataiva haraka na kuni utaokoa. Unga wa wimbi ukorogwe na maji ya uvuguvugu jioni, ufunikwe, uchachuke hadi kesho yake au zaidi ndipo upikwe uji. Ule uchachu ndio ushahidi kwamba kazi imefanyika. Ukitaka kwenda mbali zaidi, otesha wimbi siku mbili tatu, anika, saga, na changanya kidogo kwenye unga wa kawaida.

Inayofaidika zaidi na kuloweka ni zinki. Madini haya huendesha ukuaji, kinga na kupona kwa vidonda, na mwili una gramu 2 hadi 3 tu. Tofauti na chuma, zinki haina ghala la maana la kuchota siku za njaa, kwa hiyo lazima iingie kidogo kidogo karibu kila siku. Mwili hujaribu kubana matumizi kwa kupunguza zinki inayotoka utumboni, lakini kuharisha huvunja mpango huo. Ndiyo maana mtoto anayeharisha hupewa ORS pamoja na vidonge vya zinki, miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, na nusu yake akiwa chini ya miezi sita. Kinamama wengi huacha vidonge choo kikishakuwa kizito. Maliza dozi. Siku za mwisho ndizo zinazorudisha kilichopotea.

Kuhusu unga, sheria ya Kenya tangu 2012 inawataka wasagaji wa unga wa pakiti waongeze chuma, zinki na vitamini. Unga wa poshomili ya kijijini hauna nyongeza hiyo. Sikwambii uache mahindi ya shambani kwako ukanunue pakiti, ila kama nyumba yako hula poshomili mwaka mzima, basi maharagwe na omena si anasa tena. Ukienda kutafuta mbegu za maharagwe, ulizia aina ya Nyota iliyotolewa na shirika la utafiti wa kilimo, KALRO. Ilizalishwa iwe na chuma na zinki nyingi kuliko maharagwe ya kawaida, na haimsumbui mtu kwa gesi kama nyingine.

Neno moja kwa mwenye shamba. Mchai hupenda udongo wenye asidi, pH ya kama 4.5 hadi 5.6, na mvua za huku huosha kalsiamu na magnesiamu miaka nenda miaka rudi. Mbolea ya chai ya 26:5:5 ikihamishiwa kwenye mahindi, na sote tunajua huhamishiwa, huzidisha asidi na hairudishi madini hayo. Mboga ya nyumbani ipewe samadi na majivu kidogo ya jikoni, na udongo upimwe kabla ya kununua chokaa.

Ng'ombe aliyelala

Kalsiamu hudhibitiwa kwa namna nyingine, na wafugaji wa Bomet wameiona kwa macho bila kuiita jina. Ng'ombe mzuri wa maziwa, mwenye ndama watatu au wanne nyuma yake, anazaa usiku. Kesho yake hawezi kusimama. Masikio ni ya baridi, shingo ameipinda akaegemeza kichwa ubavuni, macho yamelegea. Daktari wa mifugo anafika, anatafuta mshipa wa shingo na kuanza kumiminia chupa ya kalsiamu taratibu, sikio likiwa kwenye moyo wa ng'ombe, kwa sababu ikiingia kwa kasi moyo husimama. Kabla chupa haijaisha misuli inaanza kutetemeka, mnyama anacheua, anatoa kinyesi, na mara nyingi anasimama kabla hujamaliza kumlipa daktari.

Hiyo ni homa ya maziwa, ingawa hakuna homa yoyote. Kalsiamu iliondoka ghafla kwenda kwenye maziwa ya kwanza, na damu ikabaki na upungufu. Mifupa ilikuwa imejaa kalsiamu muda wote huo. Tatizo ni kwamba amri ya kuichota ilichelewa.

Mwili wako una mfumo huo huo. Asilimia 99 ya kalsiamu yako, karibu kilo nzima, imo kwenye mifupa na meno. Iliyobaki ni ndogo lakini ndiyo inayokaza misuli na kupiga moyo, kwa hiyo kiwango chake kwenye damu hulindwa vikali. Nyuma ya tezi ya koo kuna tezi nne ndogo zinazoonja damu kila wakati. Kalsiamu ikishuka hutoa homoni yenye amri tatu: mifupa itoe kidogo, figo zisipoteze kwenye mkojo, na vitamini D iwashwe ili utumbo upokee zaidi. Ndiyo maana wataalamu wa mifugo hushauri ng'ombe anayekaribia kuzaa asilundikiwe kalsiamu: akila kidogo, tezi hukaa macho. Mwanadamu mjamzito naye, utumbo wake huongeza upokeaji wa kalsiamu karibu mara mbili, na mama anayenyonyesha hukopa kutoka kwenye mifupa kisha huirudisha mtoto akishaacha ziwa. Lakini mkopo unahitaji mahali pa kulipia.

Hapa nchi ya chai ina bahati. Kikombe cha maziwa kina karibu miligramu 300 za kalsiamu, na mtu mzima hupokea kama theluthi yake. Mursik, maziwa ya kibuyuni, inayo vilevile, kwani kuchachuka hakuiondoi, na wanaoumwa tumbo kwa maziwa mabichi mara nyingi huvumilia mursik. Chemsha maziwa kabla ya kuyatia kwenye kibuyu, maana mkaa wa mti wa senetwet hauui bruselosi. Gramu mia za wimbi kavu zina zaidi ya miligramu 300, mara nyingi zaidi ya mahindi, ingawa sehemu yake imeshikwa na faiteti, hivyo uchachushe. Omena ya soko la Sondu huliwa na mifupa yake, na hicho ndicho chanzo bora kwa asiyekunywa maziwa.

Vitamini D hutengenezwa na ngozi kwenye jua. Mchuma chai hana shida hiyo. Mwenye shida ni mtoto mchanga wa huku kwenye baridi, anayefungwa mablanketi matatu na kofia kuanzia asubuhi hadi jioni. Jua likitoka, mtoe nje, miguu na mikono ikiwa wazi, dakika chache kila siku. Matege hayatokani na kubebwa mgongoni.

Chumvi fupi

Iodini inaitwa madini joto, na tezi ya koo huihitaji kutengeneza homoni zinazoendesha joto na ukuaji wa mwili. Ikikosekana, ubongo huiamuru tezi ifanye kazi zaidi, tezi inavimba, na hilo ndilo rovu. Mvua za milimani huosha iodini kutoka udongoni, ndiyo maana chumvi ya Kenya huwekewa madini hayo kwa sheria tangu miaka ya 1970. Iweke kwenye chombo chenye kifuniko mbali na moshi wa jiko, na uitie chakula kikikaribia kuiva. Kijiko kimoja cha chai kwa siku, ukihesabu na iliyomo kwenye mkate, ndicho kikomo kwa mtu mzima. Figo hutoa ziada, lakini shinikizo la damu hupanda kabla figo hazijalalamika.

Vidonge, odowa na kipimo

Mjamzito katika kliniki ya serikali hupewa kidonge chenye miligramu 60 za chuma na asidi ya foliki. Kimeze kwa maji au juisi ya matunda, kamwe si kwa chai, maziwa au dawa ya kiungulia. Kichefuchefu kikikusumbua, kimeze ukienda kulala. Choo kitakuwa cheusi, na hilo ni kawaida. Watafiti wa Zürich walionyesha mwaka 2015 na 2017 kwamba kidonge kikubwa hupandisha hepsidini kwa muda wa siku nzima, hivyo kwa wanawake waliojaribiwa dozi ya kumeza siku moja na kuruka inayofuata ilipokelewa vizuri zaidi. Hilo lizungumze na muuguzi wako. Usijipangie mwenyewe ukiwa na mimba. Na chupa iwekwe juu, ambapo mtoto hafiki. Rangi yake humvutia, na vidonge vichache vya chuma vinaweza kumuua.

Ukijikuta unatamani odowa, yale mawe laini yanayouzwa sokoni karibu na vitunguu, au harufu ya udongo mkavu unaponyeshewa, usicheke wala usione haya. Tamaa hiyo mara nyingi ni dalili kwamba chuma kimepungua, na udongo wenyewe hushika chuma utumboni na kuzidisha shida. Nenda upimwe kabla ya kununua kipande kingine.

Na ukipimwa, soma nambari ukikumbuka ulipo. Hemoglobini chini ya gramu 11 kwa desilita huhesabiwa upungufu kwa mjamzito, chini ya 12 kwa mwanamke asiye na mimba, chini ya 13 kwa mwanamume. Viwango hivyo vimewekwa kwa watu wa usawa wa bahari. Kericho iko takriban mita 2,000 juu, hewa ina oksijeni pungufu, na mwili hulipia hilo kwa kutengeneza damu nyingi zaidi. Shirika la Afya Duniani linataka nambari irekebishwe: kwa jedwali lake la zamani, kwenye mwinuko huo unaondoa karibu gramu 0.8 kwenye kipimo kabla ya kukilinganisha, na mwongozo wake mpya unaondoa zaidi. Mjamzito mwenye 11.3 mjini Mombasa yuko sawa. Mwenye 11.3 Kapkatet amepungukiwa. Muulize mhudumu wa maabara kama amerekebisha kwa mwinuko, na kama wanaweza kupima feritini, kipimo kinachoonyesha ghala la chuma lenyewe. Na usiende ukiwa na homa au mafua, kwa sababu feritini hupanda mwili unapopambana na ugonjwa na inaweza kukuambia ghala limejaa wakati ni tupu.